Pweza wa Kichuguu

Mwanjelwa, Mbeya
Jumamosi, 14 Desemba 1957

Nimenunua daftari kwa sababu nyumba hii haina mtu wa kusema naye. Nilipokuwa mwalimu wa darasa la pili kule misheni nilikuwa na darasa zima la watoto wa kunisikiliza, wapende wasipende. Sasa nina mume anayesinzia nikizungumza, na mama mkwe anayejibu kabla sijamaliza. Basi nitaandika.

Mvua zimeshika. Shangazi yangu Tusajigwe kaja leo kutoka Uyole na kikapu cha uyoga wa kichuguu, ule mnene wenye mzizi mrefu unaoshuka ardhini mpaka kwa mchwa. Anauchimba kwa kijiti polepole ili mzizi usikatike. Nilifurahi nikataka kulia. Nikauchemsha, na harufu ikamfikia mama mkwe, ambaye mji mzima unamwita Bibie. Akaja jikoni akipapasa ukuta, maana macho yake yameingia ukungu.

"Nini hicho?"

"Uyoga, mama."

"Toa. Mimi mtu wa Kilwa sili kitu kilichoota kwenye uozo."

Nami mdomo wangu hauna mlango. Nikamwambia, "Na pweza mnayemsifu, si anakaa shimoni?"

"Pweza ana roho, mwanamke! Ana mikono, ana akili, akikuona anabadili rangi. Huo wako una nini? Jioni haupo, asubuhi upo. Nani kaupanda?"

"Na pweza nani kampanda?"

Akaniambia nina elimu lakini sina adabu. Uyoga niliula nyuma ya nyumba na Shangazi, tumechuchumaa chini ya mchirizi kama wezi.


Jumatano, 18 Desemba

Paa la stoo linavuja juu ya gunia la mchele. Nimemwambia Mrisho. Kasema atalitazama.


Alhamisi, 19 Desemba

Hajalitazama.


Jumapili, 22 Desemba

Upepo umeleta nyimbo za kanisani kutoka upande wa Ilomba. Wanajiandaa na Krismasi. Baba yangu Saulo ni mzee wa kanisa, na sauti yake nzito ningeitambua hata ndani ya maji.

Mimi nilibatizwa Yudith. Nilipompenda Mrisho nikasilimu, nikawa Rukia, na baba akasema mbele ya watu kwamba binti yake amekufa. Nililia, lakini nilikuwa na Mrisho. Alikuwa na duka, alikuwa na maneno matamu, na aliniapia kwa msahafu kwamba hataniolea mke mwenza. Nilimwamini. Kwa ajili ya neno hilo moja niliacha kazi, kanisa na nyumba ya baba. Mtoto hajapatikana bado, na Bibie kila asubuhi ananikumbusha kama mtu anayedai chumvi.


Jumatatu, 30 Desemba

Mrisho kafungua fungu la mwisho la pweza mkavu dukani na kuleta vipande viwili nyumbani. Sijapata kuona bahari. Pweza ninamjua akiwa hivi tu, mgumu kama soli ya kiatu, ananuka tangu barabarani.

Nilimloweka, nikakaa kumtazama akivimba. Zamani ningewaita watoto wote wazunguke beseni, nikawaambia: huyu na uyoga wa kichuguu, semeni vinafanana wapi. Vyote viwili havina mfupa. Vyote vimetoka shimoni na kuvutwa polepole na mtu mwenye subira. Vyote ni nyama isiyo nyama. Ukiviweka motoni vinatoa maji yao wenyewe na kupungua nusu, na mpishi mwenye haraka anaishia kutafuna mpira. Mzizi wa uyoga ukiupasua kwa urefu unajikunja kama mkono wa pweza. Tofauti niliyoiona ni vile vikombe vidogo vilivyojipanga mkononi mwa pweza, ambavyo uyoga hauna, na chumvi, ambayo pweza amezaliwa nayo.

Mrisho kaja akacheka. "Unamfundisha kusoma?"

Huwa ninampenda anapocheka.


Ijumaa, 10 Januari 1958

Bibie kanifundisha kupika pweza wa nazi. Kanifundisha akiwa amekaa kibarazani, kwa pua. "Umetia chumvi? Usitie mapema, atakuwa mgumu kama moyo wa mkamwana." Mkamwana ni mimi.

Nilipomaliza akaonja akasema, "Mh." Mrisho anasema hiyo ni sifa.


Alhamisi, 23 Januari

Barabara ya Iringa imekatika kabla ya kufika Igawa. Mto umepanda ukabeba kipande kizima. Dereva Jailos, anayetuletea mali ya duka, kaacha lori ng'ambo akavuka kwa miguu, akadandia gari la upande huu ili atupe habari, tope mpaka mapajani.

"Mama, huko hakuna barabara tena. Iko ziwa tu. Lori yangu nimeacha na turubai, na nazi zenu zinalala ndani yake."

Kakaa akanywa chai, kesho anarudi kulinda lori. Nazi mpya hakuna, papa hakuna, pweza hakuna. Bibie kachukia kama vile mto umefanya kwa makusudi.


Jumapili, 2 Februari

Bibie mgonjwa. Homa imeondoka lakini kinywa kimekufa, hali kitu. Uji anasukuma, mchuzi wa kuku anasema unanuka manyoya. Anataka pweza.


Jumatano, 5 Februari

Bado hali. Kanyong'onyea, mikono imekuwa kama vijiti. Leo nilimgeuza kitandani akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa Kilwa. Sijapata kumpenda mama huyu, lakini sitaki afe akiwa na njaa ndani ya nyumba yangu.


Jumamosi, 8 Februari

Nimefanya jambo.

Nina uyoga wa kichuguu niliokausha juu ya moshi wa jiko tangu Desemba, nimeuficha nyuma ya mitungi. Mizizi yake imekuwa myeusi na migumu. Jana niliichukua nikailoweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha, na asubuhi nikaitwanga kidogo kinuni kulainisha, vilevile Bibie alivyosema wanavyompiga pweza kwao. Nazi tulibakiwa na moja. Nikatia tui zito, ukwaju, nyanya kidogo ipate wekundu, na unga wa dagaa kiasi cha ncha ya kidole ili pua yake isiniumbue.

Mrisho kaingia jikoni nikiwa ninakoroga. Nikamwambia kweli yote. Kaonja, katazama sufuria, kaonja tena. "Wallahi, Rukia, wewe ni mchawi." Tukacheka tumezibana midomo.

Tukampelekea. Nilimlisha kwa mkono wangu, tonge la wali na kipande. Akatafuna kwa fizi zake, polepole. Akaacha kutafuna. Halafu machozi yakamtoka.

"Pweza," akasema. "Jamani, pweza."

Akala sahani nzima akaomba nyongeza. Akaketi mwenyewe bila kushikwa. Kisha likaja swali ambalo, kwa ujinga wangu, sikulitayarishia jibu: "Barabara si imekatika? Katoka wapi huyu?"

Nikasema lililonijia. "Jailos kavuka tena kwa miguu, mama. Kaleta kikapu kutoka Iringa."

"Iringa kwa nani?"

Hapo Mrisho, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti tulivu kabisa, "Kwa Mzee Othmani, mama."

Mzee Othmani ni mfanyabiashara wa Iringa, mtu wa Kilwa pia, namjua kwa jina tu. Nilimtazama mume wangu kwa shukrani. Niliona kaniokoa.

Bibie akasema, "Alhamdulillahi," akalala akitabasamu.


Jumapili, 9 Februari

Tumecheka siku nzima, mimi na Mrisho. Kila akipita jikoni anauliza, "Pweza wa kichuguu yuko?" Hatujacheka hivi tangu mwaka wa kwanza. Kalitengeneza na paa.


Ijumaa, 14 Februari

Bibie anatembea. Anakula "pweza" kila siku ya pili, nami ninapunguza vipande ili akiba isiishe. Leo kaniita mwanangu. Sikumbuki alisema nini baadaye, nilibaki nimeshika kata ya maji. Nimeingoja siku hii tangu nilipoingia nyumba hii, na imekuja kwa mgongo wa uyoga. Sijali.


Jumatano, 19 Februari

Asubuhi Bibie kaniita chumbani. Kafungua sanduku lake la mbao, kwa kupapasa, akatoa doti ya kanga mpya, udi na kichupa cha manukato ya hal-udi.

"Tafuta kikapu kile kilicholeta pweza. Chombo cha watu hakirudi kitupu."

Nikaleta kikapu, kikapu chetu wenyewe cha sokoni. Nikaona ni adabu ya kwao tu, nikawa ninampangia vitu. Naye, kwa furaha, akanieleza kama mtu anayemweleza bintiye.

Tangu Novemba alituma neno Iringa, kwa kinywa cha mtu aliyepita, kumposea Mrisho mpwa wa Mzee Othmani, msichana anaitwa Mwanakhamisi. Wenyewe hawakujibu. Na kwao, alisema, nyumba yenye mwali haijibu kwa maneno upesi. Ikikataa inanyamaza. Ikikubali, inamletea kitoweo mama wa mwanamume. Yeye akila, akarudisha chombo na nguo ndani yake, basi mlango umefunguka pande zote mbili.

"Nilikuwa nimekwisha kata tamaa," akasema. "Nikajua wamenyamaza. Kumbe walikuwa wanangoja nipate njaa." Akanishika mkono. "Usinune, mwanangu. Wewe utabaki mkubwa. Mimi nataka mjukuu kabla sijafumba haya macho."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya kikapu, nimeshika kanga za mke mwenzangu. Nilizikunja vizuri. Sijui kwa nini nilizikunja vizuri.

Mchana nilikwenda dukani. Mrisho kanisikiliza mpaka mwisho. "Acha, mzee kafurahi," akasema. "Kikapu nitakificha hapa chini ya meza mpaka asahau. Kwani nani kaleta pweza? Hakuna." Akanipa tende nikamumunye njiani kama mtoto.

Nimetulia kidogo. Ila kuna jambo linanizunguka kichwani: hakuuliza Mwanakhamisi ni nani.


Jumatatu, 24 Februari

Mvua. Bibie kaomba pweza. Nimesema ameisha. Kaniambia, "Si kitu, wataleta wengine."


Jumatano, 5 Machi

Wameweka magogo Igawa na magari yanapita polepole. Jailos kafika juzi akapakia akarudi, sikumwona. Leo nilikwenda dukani nikainama chini ya meza. Kikapu hakuna. Mrisho kasema panya walikuwa wanakitafuna, kakipeleka stoo. Stoo ninaifagia mimi.


Ijumaa, 7 Machi

Sikuandika jana. Nilikuwa na mengi, na yote yalikuwa matusi.


Jumatatu, 17 Machi

Jailos karudi. Nilimvizia penye maji, akiwa anaosha magurudumu.

"Jailos, ulipeleka kikapu Iringa?"

"Nilipeleka, mama."

"Alikupa nani?"

"Bwana mwenyewe, mkononi. Akaniambia, ukifika kwa Mzee Othmani sema hii ni salamu ya mama yangu, anakumbusha ile maneno ya zamani. Habari ya pweza usitaje." Akaacha kuosha. "Sasa mimi, mama, najua pweza gani? Nikanyamaza tu."

"Na Mzee Othmani kasema nini?"

"Amefurahi sana. Amesema mvua ikiisha, na mfungo ukiisha, waje." Akanitazama usoni, akaelewa. "Pole, mama. Mimi dereva tu."

Nilirudi nyumbani. Mrisho alikuwa anakula. Nikamwuliza kama kweli. Hakukana, na hilo ndilo limenichoma zaidi. Nilikuwa nimemtayarishia nafasi ya kukana.

"Mama alishatuma neno tangu Novemba," akasema. "Mimi nilikuwa ninajua. Nilitafuta namna ya kukwambia."

"Na ile siku, ulipotaja jina la Mzee Othmani?"

Akaosha mkono kwanza. "Uongo uliuanza wewe, Rukia. Mimi nimeufuata tu ulikokuwa unakwenda."

Nikamkumbusha kiapo. Akasema aliapa akiwa kijana, na kwamba dini imempa ruhusa, na kwamba hatanidhulumu kitu, kwa zamu, kwa nguo, kwa chakula. Alisema vizuri, kwa upole, kama anapomweleza mteja kwamba bei imepanda na si kosa lake.

Kwa hiyo zile siku tulizokuwa tukicheka tumezibana midomo, mimi nilikuwa ninamcheka mama yake, naye alikuwa ananicheka mimi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeifundisha methali hiyo miaka yote nikidhani inazungumzia chawa.


Ijumaa, 21 Machi

Mwezi umeandama jana. Leo tumefunga. Ninaomba mvua isikatike. Ninaomba magogo ya Igawa yaoze. Mungu anisamehe, na wale wenye magari wanisamehe.


Jumanne, 25 Machi

Mvua kubwa. Nimeshukuru.


Jumamosi, 29 Machi

Shangazi Tusajigwe kaja na maharage. Nikamwambia yote. Yeye hakulia nami, si mtu wa kulia.

"Mwe, Yudith, nyumba ya mume haina kamba. Kwangu ziko vyumba viwili, moja inalala mbuzi. Mbuzi atahama."

"Na baba?"

"Kaka yangu kichwa yake ngumu. Mwache. Mimi sikuzika mtu."


Jumapili, 6 Aprili

Leo ni Pasaka kwa baba yangu na mfungo kwetu. Nimeamka nikisikia kengele huku nina kiu, nikajiona sina nyumba upande wowote.

Nimemwambia Bibie. Sikupanga. Alikuwa amekaa mkekani na tasbihi, amefunga ingawa amekatazwa, akaanza kusema jinsi Mwanakhamisi atakavyomletea pweza mpya, mnono. Nikaenda nyuma ya mitungi, nikachukua mzizi wa mwisho mkavu, nikamwekea mkononi.

"Nini?"

"Tazama mwenyewe, mama."

Akaushika ncha mbili. Akaupitisha vidoleni taratibu, akirudi, akienda. Alikuwa anatafuta kitu, nami nilijua anatafuta nini.

"Vikombe vyake viko wapi?"

"Havina vikombe."

Akaunusa.

"Nilikula huu?"

"Ulikula, mama. Hakuna pweza aliyekuja. Nilikuwa ninataka usife."

Nilitegemea kelele. Nilitegemea aseme nimemlisha uozo, nimemfanya mtoto, niondoke. Badala yake aliulaza mzizi mkekani, akafuta vidole kwenye kanga. Mama huyu hana tena macho wala meno. Kilichombakia cha kujivunia ni ulimi unaojua bahari, nao nimemnyang'anya. Sikuliona hilo mpaka leo.

"Na Mrisho?"

"Alijua. Alionja kabla yako. Jina la Mzee Othmani alilitaja yeye, na kikapu kakipeleka yeye, na kamwambia Jailos asitaje pweza."

Akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha. "Pweza akibanwa huchafua maji, akapita katikati ya giza lake mwenyewe. Mimi nilidhani nimezaa mtu."

Nikamwomba basi atume neno Iringa, aseme ilikuwa makosa, hapakuwa na kitoweo, hapakuwa na jibu. Nilimpigia magoti. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, mikono baridi.

"Siwezi. Kanga zimepokewa. Binti wa watu kaambiwa anaolewa, kapakwa dalia ya bibi arusi, mji mzima unajua. Nikizirudisha atabaki na aibu maisha yake, na yeye hakula kitu chetu." Kisha, kwa sauti nyingine, "Na mjukuu ninamtaka, Rukia. Nikikwambia simtaki nitakuwa mwongo kama ninyi."

Nilimchukia kwa jibu hilo. Lakini nimekaa nalo jioni yote, na katika nyumba hii ni yeye peke yake aliyenijibu kweli.


Jumatatu, 7 Aprili

Bibie kafuturu uyoga, ule mzizi wa mwisho. Nilipeleka bakuli akauliza ni nini, nikasema uyoga, akasema, "Lete."


Jumatatu, 14 Aprili

Hazungumzi na Mrisho. Akimwamkia, anaitikia "Marahaba" ukutani. Na hali tena chochote nisichopika mimi. Mke wa jirani kaleta kaimati, kazirudisha kwa heshima na sukari juu yake. Nilichokililia tangu niolewe nimekipata mwezi ambao hakina kazi.


Jumatatu, 21 Aprili

Idd. Mrisho kaninunulia gauni. Rangi ninayoichukia.


Jumanne, 29 Aprili

Mvua imekatika siku nyingi sasa. Barabara imekauka. Kila lori likipita kuelekea Uyole ninaacha kazi nikalisikiliza mpaka lipotee.


Jumamosi, 3 Mei

Mrisho kaondoka kwenda Iringa na wazee watatu. Kavaa kanzu niliyoipiga pasi mimi. Aliniambia, "Usifikiri vibaya." Nikamwambia aangalie kola.


Jumamosi, 10 Mei

Wamefika. Msichana kashuka kwenye lori la Jailos akitetemeka kwa baridi, mwembamba, hajafika miaka ishirini. Nilikuwa nimeandaa chuki ya kutosha mtu mara mbili yake. Nilimpokea mzigo wake kwa sababu mikono yake ilikuwa imekufa ganzi.

Katika mzigo kulikuwa na fungu kubwa la pweza mkavu, zawadi ya Mzee Othmani kwa Bibie. Mara hii ni wa kweli. Mwanakhamisi alinifuata jikoni, akasimama mbali nalo, kaziba pua kwa ncha ya buibui.

"Dada, samahani. Mimi hicho sikijui kupika. Hata kula siwezi, kinanitisha na vile viduara vyake."

"Wewe si mtu wa Kilwa?"

"Babu yangu. Mimi nimezaliwa Iringa. Bahari sijaiona. Mvua zote sisi tunakula uyoga."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilicheka vibaya, kwa sauti, naye akaanza kucheka kwa woga bila kujua tunacheka nini, kisha akaona machozi yangu akanyamaza. "Nimekosea, dada?" Nikamwambia hajakosea. Na kweli hajakosea kitu. Katika jambo hili zima ni yeye tu ambaye hakusema uongo, na ndiye atakayelala na mume wangu.

Mrisho kaingia akasema wageni wanakuja kesho, nimpike pweza vizuri, "kama unavyojua." Hakuwa na haya. Nadhani hata hakukumbuka.


Jumapili, 11 Mei

Nilimpika. Chumvi mwishoni, tui zito, sikukosea kitu. Wageni wakasifu, Mrisho akapokea sifa kwa niaba yangu. Bibie akatafuna kipande kimoja, akasogeza sahani.


Jumatatu, 12 Mei

Ninaandika haya kwa Shangazi Tusajigwe, Uyole, katika chumba kinachonuka mbuzi.

Asubuhi nilifunga nguo zangu na daftari hili katika shuka. Mwanakhamisi alikuwa bado ndani. Mrisho alikuwa mlangoni na chai yake. Alitazama mzigo, akanitazama mimi, na nikaona akihesabu kichwani, kama anapogundua mali fulani imekwisha dukani na lori bado. Nilingoja aseme jina langu. Lolote kati ya mawili.

"Na mama atapikiwa na nani?" akasema.

Niliona hilo ndilo lilikuwa swali lake miaka yote.

Jibu lilitoka nyuma yangu. Bibie alikuwa amekuja akipapasa ukuta, kichwa wazi, jambo ambalo sijapata kuliona. "Mwache aende," akasema. "Na talaka yake nitaitoa kinywani mwako mimi mwenyewe, kabla ya Ijumaa, hata kama itabidi nife kwa njaa mbele yako. Ningekuwa na macho ningefuatana naye."

"Mama, huyu alikudanganya—"

"Alinidanganya nipone. Wewe?"

Nikambusu mkono. Hakunikumbatia, si kawaida yake. Mrisho akajisogeza ili nipite, na nilipofika barabarani nikageuka: alikuwa bado amesimama palepale, ameshika kikombe kitupu, akitazama huku na huku nani wa kukipokea.